Turbo kwenye mkonga wa 1HZ: mwaka mmoja wa kuvuta tela Kitonga

Iringa wengi wananijua kama Mama Maturubai. Nakodisha maturubai, viti, jukwaa na jenereta. Iwe harusi, iwe msiba, iwe mkutano wa kijiji, naitwa. Viti na maturubai hupanda nyuma ya pikapu, jenereta ina tela lake la ekseli moja, na ukijumlisha mzigo wote hukosi tani mbili na nusu. Gari ni Land Cruiser mkonga, injini 1HZ, silinda sita, cc 4,164, dizeli isiyo na turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini.

Kwa uvumilivu injini hii sina neno nayo. Imekula vumbi la Kilolo miaka tisa na sijawahi kuifungua hedi, yaani kichwa cha injini. Shida yake ni mlima. Kwenye karatasi ina nguvu ya farasi 130 hivi, lakini karatasi iliandikwa usawa wa bahari. Mjini kwetu ni kama mita 1,600 kutoka usawa huo, Mafinga ni karibu 1,900, na injini inayovuta hewa kwa mapafu yake yenyewe hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa inazidi kuwa nyepesi. Fanya hesabu: Mafinga wanabaki farasi 105, na hao ndio wakokote jenereta.

Kitonga ndiyo ilikuwa inanidhalilisha. Nikitoka Morogoro na tela, Ruaha Mbuyuni nanunua vitunguu vyangu vizuri, halafu mlima unaanza na mazungumzo ndani ya gari yanakatika. Gia ya pili, spidi 25, mshale wa joto unatambaa, na nyuma basi la Mbeya limenikalia shingoni linapiga honi. Nikikuta lori mbele ndiyo basi tena, nalifuata hadi juu kama mfiwa nyuma ya jeneza.

Mwaka jana nikaagiza seti ya turbo kutoka Australia, ambako magari haya wanayavutia matela makubwa kuliko langu. Ndani ya sanduku kulikuwa na turbo yenyewe, manifodi ya ekzosi, bomba la moshi la inchi tatu, hozi za hewa, mirija ya oili na gasketi zake. Hadi inanifikia mkononi, ushuru ndani, ilinila milioni 9 na nusu. Nikaongeza geji mbili, moja ya presha ya turbo na nyingine ya joto la moshi. Mwenye duka aliyeniuzia geji aliniambia hizo ni mapambo. Nitarudi kwake.

Ilifungwa gereji moja Dar, jina naliacha. Kufunga walifunga kwa siku mbili, mikono yao safi, boliti zote zimekazwa. Tatizo lilikuwa dizeli. Turbo inasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, kwa hiyo pampu nayo lazima iongezwe dizeli kidogo, la sivyo hewa inaingia na kutoka bila kazi. Ukiizidisha, dizeli isiyopata hewa ya kutosha inatoka moshi mweusi, na joto linapanda vibaya. Kazi hiyo ni ya fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Kijana wa pale alichukua spana na bisibisi, akakaza skrubu ya pampu kwa kusikiliza, akaniambia, "Mama, ukiona moshi ujue nguvu imekuja."

Nguvu ilikuja kweli. Bila tela, gari tupu, nilipanda Kitonga gia ya nne nikicheka peke yangu. Kona ya tatu au ya nne nikatupia jicho geji ya joto la moshi: nyuzi 740. Kipimo kimefungwa kwenye manifodi, kabla ya turbo, kwa hiyo hilo ndilo joto lenyewe linalotoka kwenye silinda. Nikaondoa mguu, mshale ukashuka haraka hadi 500, nikapanda kilichobaki kwa adabu. Gari tupu, 740! Ningekuwa na jenereta nyuma ingekuwaje?

Ilula nikasimama kupumua. Nikaacha injini inanguruma taratibu huku nikinunua nyanya, na niliporudi moshi wa bluu ulikuwa unafuka nyuma kama jiko la mkaa lililomwagiwa maji. Nikafungua boneti. Harufu ya oili iliyoungua, na chini ya turbo tone jeusi likining'inia, likadondoka juu ya bomba la moto, *tss*, likaja jingine.

Fundi wangu wa Iringa ni mzee, Mhehe wa maneno machache. "Kamwene, mama." Akainama na tochi, hakugusa kitu dakika nzima. Halafu akanionyesha mrija wa kurudishia oili. Oili huingia kwenye turbo kwa presha ya pampu ya oili, lakini kutoka inatoka kwa uzito wake tu, kama maji ya mvua kwenye gata. Mrija uliokuja na seti ulikuwa mrefu kuliko njia yake. Ili uenee wakaukunja kiwiko, katikati ukalala chali. Oili ikakosa pa kushukia, ikajaa kwenye turbo na kupenyeza kwenye sili, upande wa ekzosi. Mzee alikata sentimita sita, akageuza kiungio cha chini kitazame juu, mrija ukashuka wima. Moshi wa bluu uliisha siku ileile baada ya masalia kuungua. Kwa pesa niliyolipa, mtengenezaji alitakiwa kunipa mrija unaofaa gari lake alilolitaja mwenyewe kwenye sanduku.

Pampu ilishushwa ikapelekwa kwa fundi pampu, ikapimwa mezani pamoja na nozeli zinazopulizia dizeli. Presha ya turbo tukaiacha paundi 8. Dereva wangu, ambaye simu yake imejaa video za Waarabu wanaorusha Land Cruiser kwenye michanga, alitaka 15. Mzee akamjibu bila kuinua kichwa: "Ukiipa kumi na tano utakuwa unapika hedi, mlima hutaupanda." Sababu yake ni kwamba 1HZ haikuzaliwa na turbo. Inabana hewa zaidi ya mara 22, na dizeli inaanza kuungua kwenye kijichumba ndani ya hedi kabla moto haujafika kwenye pistoni. Joto likizidi, vijichumba hivyo ndivyo vinavyopasuka kwanza, na hedi inafuata.

Sasa ninavyoiona baada ya mwaka. Kitonga na tela lote: gia ya tatu, spidi 45, joto la moshi 600 hadi 620, mshale wa maji umelala pale pale. Turbo inaamka injini ikifika mizunguko 1,600 hivi kwa dakika, sauti yake ni mluzi mwembamba unaosikika ukifungua dirisha. Lori nikilikuta, nalisubiri mahali panaporuhusu na kulipita bila kusali. Mafinga ndiko nilikoshangaa zaidi, kwa sababu ile hewa nyepesi siku hizi inasukumwa ndani kwa nguvu, na gari linavuta karibu kama lilivyokuwa likivuta Morogoro. Dizeli haijapungua kwa maana ya kujivunia: Morogoro hadi Iringa na tela nilikuwa natumia lita 54, sasa 51 au 52. Anayekwambia turbo itajilipa kwa mafuta anakuuzia turbo.

Gharama ambayo hakuna aliyenitajia ni klachi. Mwezi wa pili, kwenye kilima cha kutoka Ilula, mizunguko ilipanda spidi ikabaki palepale, na ndani kukanuka kama kucha zilizoungua. Klachi ya zamani ilikuwa imezoea nguvu ya zamani. Nzito iliyowekwa badala yake imenigharimu laki 9, na goti langu la kushoto linalijua hilo kila jioni. Oili sasa nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kujadiliana.

Breki nazo ziko vilevile. Turbo inakupandisha, kushuka unashuka mwenyewe. Kabla ya kuongeza nguvu nyingine yoyote nilipeleka tela likafungwa breki zake, na Kitonga nashuka kwa gia ileile ya chini kama zamani.

Kesi iliyobaki ni ya dereva. Baada ya mlima, turbo inatakiwa kuachwa dakika moja mbili injini ikinguruma taratibu, maana shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na ukizima ghafla oili iliyobaki ndani inaungua na kuganda kwenye beringi. Yeye akifika msibani anazima, anaruka, anakwenda kusalimia wafiwa. Nimebandika karatasi kwenye usukani. Ameihamishia kwenye kioo cha mbele, juani, imefifia, nimebandika nyingine.

Seti naipa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ajili ya mrija. Gereji ya Dar mbili, kwa usafi. Fundi mzee na fundi pampu, zote. Na yule wa mapambo: geji ya joto la moshi iliniomba laki 3 na nusu, na bila yenyewe ningepanda Kitonga na jenereta kwa nyuzi 740 nikiwa nafurahia.

Wenye Hilux ya D-4D 3.0 wanaoniuliza kila siku, gari lenu lina turbo yake tangu kiwandani, ya mabawa yanayojigeuza, na nozeli zinaongozwa na kompyuta. Spana ya mzee wangu haifiki huko. Likikosa nguvu mlimani, anzeni na kupima nozeli na kusafisha hayo mabawa kabla hamjanunua turbo kubwa.