Freesound kwa Wanaohariri Video Kwenye Simu

Video nyingi zinazohaririwa kwenye simu hushughulikiwa kwa uangalifu mkubwa upande wa picha, kisha huwekewa wimbo mmoja unaofunika kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho, na kazi ikahesabiwa kuwa imekamilika. Mtazamaji hawezi kutaja kasoro yenyewe, lakini anahisi kwamba mlango uliofungwa haukuwa na uzito na kwamba mvua iliyonyesha haikumlowesha mtu. Tovuti ya Freesound inaweza kuziba pengo hilo bila malipo, nami ninaipima hapa kwa mahitaji ya mtu ambaye simu ndiyo studio yake yote.

Freesound ilianzishwa mwaka 2005 na kundi la utafiti wa teknolojia ya muziki la Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona. Hazina yake imevuka sauti 600,000, ambazo zimerekodiwa na kupakiwa na watumiaji wenyewe. Kusikiliza hakuhitaji akaunti. Kupakua kunahitaji, na akaunti hiyo ni ya bure.

Nguvu yake kubwa iko mahali ambapo programu za kuhariri ni dhaifu. Maktaba za sauti zilizomo ndani ya programu hizo zimejaa milio ya mbwembwe: mivumo ya kuingiza maandishi, vishindo vya kushtua, vicheko vya kuazima. Milio hiyo imetumika mno hata msikilizaji huitambua kabla haijamalizika, na kwa maoni yangu huchusha upesi. Kinachokosekana ni sauti za kawaida, zile zisizovuta sikio la mtu: chumba kitupu, barabara inayosikika kwa mbali, upepo dirishani, ua lenye wadudu usiku. Freesound inazo kwa wingi, na nyingi zinadumu dakika kadhaa bila kukatika, jambo ambalo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Vipande viwili vya video vilivyopigwa kwa nyakati tofauti huwa na kelele tofauti za nyuma, na vinapounganishwa, ule mruko wa kelele ndio unaofichua mkato hata kama picha zinaoana vizuri. Ukitandaza chini yake sauti moja ya mazingira inayoendelea, kwa kiwango cha chini kiasi kwamba hakuna atakayeisikia mpaka utakapoizima, mkato huo hufichika na tukio zima huwa la mahali pamoja.

Sauti za mguso, kama hatua, nguo inayokunjwa au kikombe kinachowekwa mezani, zinapatikana pia, lakini hapa ubora hupanda na kushuka. Warekodi makini hueleza maikrofoni waliyotumia, umbali na mahali; wengine hupakia kitu chenye mwangwi wa bafuni na maelezo ya neno moja. Soma maelezo kabla ya kupakua. Picha iliyopigwa kwa karibu inataka sauti iliyorekodiwa kwa karibu, isiyo na mwangwi, kwa sababu mwangwi unaweza kuongezwa baadaye, ilhali kuuondoa kwa vifaa vya simu ni kazi isiyolipa. Vitambulisho vya sauti, yaani maneno ya kuitafutia, vimeandikwa kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, na hutaja kitu chenyewe badala ya hisia yake; kwa hiyo anayetafuta sauti ya hofu hatafika mbali, ila anayetafuta ubao unaolalamika ukikanyagwa atapata zaidi ya anachohitaji. Kichujio cha urefu wa sauti husaidia sana kupunguza msongamano huo.

Kuhusu mafaili, chuja ubaki na aina za WAV au MP3, kwa kuwa si kila programu ya simu inayokubali aina za FLAC na AIFF. WAV ya kawaida ya stereo hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, na ile ya ubora wa juu zaidi, wa biti 24 kwa kilohezi 48, hukaribia 17, hivyo simu yenye nafasi finyu itajaa haraka. Jina la faili huanza na namba ya sauti, likifuatiwa na jina la aliyeipakia. Usilibadilishe, maana ndilo litakalokuonyesha nani wa kutajwa.

Faili likishaingia kwenye programu kama KineMaster au CapCut, kinachobaki ni sikio. Rekodi nyingi huanza na ukimya mfupi, kwa hiyo kata mwanzo wake hadi mlio wenyewe, kisha uulinganishe na fremu ya mguso, yaani ile picha moja ya video ambapo kitu kinagusana na kingine. Katika video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, na sikio hukerwa zaidi na sauti inayotangulia picha kuliko inayochelewa kidogo, kama ilivyo katika maumbile ambako mwanga hufika kwanza. Ukiwa na shaka, isogeze sauti ichelewe fremu moja. Kazi hii isifanywe kwa vifaa vya masikioni vya Bluetooth, kwa sababu huchelewesha sauti na utajikuta unasahihisha kosa lisilokuwapo. Tumia vya waya, kisha sikiliza tena kwa spika ya simu yenyewe, ambayo haiwezi kutoa besi nzito: ngurumo iliyokutetemesha masikioni inaweza kutoweka kabisa hapo, na dawa yake ni kuchagua ngurumo yenye mpasuko wa juu pia, si kuongeza sauti.

Leseni ndizo zinazotaka subira. Kwa sehemu kubwa ni tatu za Creative Commons, mfumo wa leseni ambao mwenye kazi huutumia kuruhusu wengine waitumie: CC0 isiyodai chochote, ile inayotaka mwenye sauti atajwe, na ile inayotaka atajwe na pia kukataza matumizi ya kibiashara. Mwenye chaneli inayoingiza fedha aiepuke hiyo ya tatu, na njia rahisi ni kuichuja kabla ya kuanza kusikiliza, maana ni vigumu kuiacha sauti ambayo moyo umekwisha kuipenda. Tovuti yenyewe inaweza kukutengenezea orodha ya watu wa kutajwa kutokana na ulivyopakua, nayo unainakili kwenye maelezo ya video.

Hazina ya sauti ya BBC, yenye zaidi ya rekodi 33,000, imerekodiwa kwa ustadi ulio sawa zaidi, lakini ruhusa yake ya bure inahusu matumizi binafsi, elimu na utafiti tu. Maktaba ya sauti ya YouTube ni nyepesi kutumia na inafaa kwa milio ya haraka, ila kwa sauti za mazingira uchaguzi wake ni mdogo. Kwa kazi ya kibiashara inayohitaji mahali pasikike, ningeanza na Freesound, upande wa CC0. Muziki utafutwe kwingine, kwa kuwa Freesound haipokei nyimbo.