Nyuzi za gitaa kwa mikono ya Pwani: D'Addario, Ernie Ball, Elixir na La Bella

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo. Gitaa langu la solo nalifunga D'Addario XL za kumi, na hiyo kumi ni unene wa uzi wa kwanza, nitaufikia. Besi naifunga La Bella. Elixir nanunua kwa ajili ya gitaa la akiba peke yake, na sababu nitaieleza. Ernie Ball nikikutana nazo dukani na D'Addario hakuna, nachukua bila manung'uniko. Hukumu zote hizo zina sharti moja, nalo ni jasho.

Napiga dansi Dar es Salaam, Ijumaa na Jumamosi, ukumbi wa wazi, tunaanza saa tatu usiku na tunamaliza wenye viti wakishachoka. Jumapili asubuhi nabeba besi ya kwaya. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma na fukuto likikaa mjini hata usiku wa manane, jasho linateremka kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole, na kutoka vidoleni halina pa kwenda ila kwenye nyuzi. Sifa nyingi za nyuzi unazozisoma zimetoka kwa watu wanaopiga kwenye vyumba vyenye kiyoyozi. Uzi unaosifiwa kwamba unadumu miezi huko, kwangu unaweza kuwa umekufa kabla mshahara wa mwezi haujatoka.

Unakufaje? Nyuzi tatu nyembamba za gitaa la umeme ni chuma kitupu kilichopakwa bati. Tatu nene ni chuma cha katikati kilichozungushiwa waya mwingine, kwa kawaida chuma kilichopakwa nikeli. Chumvi ya jasho ikichanganyika na unyevu wa bahari, zile nyembamba zinaota madoa ya kutu, na kidole kinayasikia kabla jicho halijayaona. Zile nene zinashika uchafu katikati ya mizunguko ya waya. Uzi ukibeba uchafu sehemu moja na nyingine haina, uzito wake haulingani tena, kwa hiyo unautuni ukiwa wazi unakubali, ukipanda freti ya kumi na mbili, vile vyuma vya kwenye shingo, unakukana. Hapo watu wanalaumu gitaa.

Sasa unene. Vijana wengi wanaokuja kuniomba ushauri wanataka za tisa, yaani seti ambayo uzi wa kwanza una unene wa sehemu tisa kati ya elfu moja za inchi na wa sita arobaini na mbili. Wameona wapiga roki wanazivuta nyuzi hadi zinalia. Na kweli nyuzi laini zilitokana na haja hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ernie Ball, aliyekuwa na duka la magitaa California, aliona wanafunzi wanahangaika na uzi wa tatu wa seti za wakati ule, mnene wa ishirini na tisa. Akawapelekea Fender wazo la seti laini zaidi, wakalikataa, akaamua kuziuza mwenyewe. Slinky zikazaliwa hivyo, na karibu kila kampuni sasa ina seti yake ya kumi kwa arobaini na sita.

Lakini jamani, sisi kwenye dansi tunavuta nyuzi mara ngapi? Solo yetu inakaa juu ya shingo, nyuzi mbili kwa pamoja, sauti zikifuatana kwa theluthi au kwa sita, yaani kwa umbali wa noti tatu au sita, mkono wa kulia ukikimbia bila kupumzika kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka. Katika kazi hiyo uzi laini ni adui. Saa saba za usiku umepandwa na moto, unabana kwa nguvu kuliko unavyojua, uzi wa tisa unapanda sauti kidogo, na theluthi iliyokuwa tamu inakuwa chungu. Mpiga tarumbeta anakutazama kwa jicho la pembeni. Za kumi zinavumilia mkono mzito. Kwenye gitaa lenye shingo ndefu kama la Stratocaster, seti ya kumi inavuta shingo kwa karibu kilo 47 kwa jumla. Unausikia ukakamavu huo kwenye vidole wiki ya kwanza, baada ya hapo unausahau na theluthi zinabaki safi.

Kati ya D'Addario EXL110, ndizo hizo XL zangu, na Ernie Ball Regular Slinky, ambazo zote ni kumi kwa arobaini na sita na zote ni nikeli juu ya chuma, siamini kuna mtu kwenye ukumbi anayeweza kuzitofautisha kwa sikio baada ya usiku wa kwanza. Zikiwa mpya, Ernie Ball naziona zinateleza zaidi na zina ukali kidogo juu. D'Addario zina mlio uliotulia na, kwa mikono yangu, zinashika tuni haraka; nikifunga saa kumi na moja jioni nikazinyoosha vizuri, saa tatu sihangaiki nazo.

Ernie Ball wanawashinda kwenye jambo ambalo watu hawalitaji: bahasha. Kila uzi una bahasha yake ya karatasi yenye namba. D'Addario wanatofautisha nyuzi kwa rangi ya kile kipete cha mwisho: wa kwanza rangi ya fedha, wa pili zambarau, wa tatu kijani, wa nne nyeusi, wa tano nyekundu, wa sita shaba. Mezani mchana, mpango mzuri sana. Jukwaani chini ya taa nyekundu, uzi wa pili umekatika, mwimbaji tayari anaingia ubeti wa pili, zambarau na nyekundu na nyeusi zote ni kitu kimoja. Mimi nyuzi za akiba nazitenga mapema, kila mmoja kwenye mfuko wake wa nailoni, nimeandika namba kwa kalamu ya wino mzito.

Uzi wa kwanza ndio unaokatika zaidi, kampuni yoyote. Ukiona unakatika kila mara palepale kwenye daraja, usibadilishe kampuni. Pitisha kucha kwenye kile kitako kinachoshika uzi. Mara nyingi kuna kijino cha chuma, na kipande kidogo cha msasa laini kinamaliza kesi. Kama unakatikia mwishoni kabisa, pale ulipojisokota kushika kipete, hapo Ernie Ball wana seti zinazoitwa RPS ambazo msokoto huo wameuzungushia waya wa ziada. Kwa mpiga ridhimu mwenye mkono wa shoka, hizo zina maana.

Nyuzi za moja moja nazo ni sababu yangu ya kubaki na D'Addario, kwa kuwa hizo ndizo ninazoagiziwa bila shida. Sizihitaji kwa ajili ya kukatika peke yake. Ukitaka gitaa la mi-composé kama Wakongo, unatoa uzi wa nne, unaweka mwembamba wa kumi mahali pake, unautuni re ya oktavu ya juu. Gitaa linageuka, linalia kama wapo wawili, na linakaa vizuri kati ya solo na ridhimu. Kununua seti nzima kwa ajili ya uzi mmoja ni kutupa pesa.

Elixir. Hawa ni kampuni ya Gore, wale wale wa kitambaa cha Gore-Tex cha makoti ya mvua, na ujuzi wao ni huo huo: utando mwembamba unaozuia maji. Nyuzi nene wamezifunika nzima pamoja na mitaro ya katikati ya waya, uchafu usipate pa kujificha. Na ni kweli kabisa, zinadumu. Mwenzangu wa ridhimu anatoa jasho kuliko mimi, na Elixir Nanoweb zake zinavuka mwezi na mlio bado upo. Bei yake ni karibu mara mbili ya D'Addario za kawaida, ila ukipiga hesabu kwa miezi, yeye ndiye anayetumia pesa kidogo. Nilimwambia zinateleza kama zimepakwa sabuni, akanijibu, "Kaka, wewe paka unachotaka, mimi sijanunua nyuzi tangu Pasaka."

Ananishinda kwa hesabu hiyo kwa sababu yeye hakati. Mimi wa solo uzi wa kwanza unakatika kabla haujapata nafasi ya kushika kutu, na utando hauzuii kukatika. Ningekuwa nalipia uzee ambao uzi wangu haufikii. Tena ule mguso wa kwanza wa piki kwenye uzi, kile kijisauti kinachofanya noti za haraka zihesabike moja moja, Elixir wanakipunguza. Kwenye ridhimu hakuna anayekililia. Kwenye chemko mimi nakililia. Gitaa la akiba ni habari nyingine. Hilo linakaa kwenye begi wiki nzima, kwenye stoo ya ukumbi yenye joto na unyevu, na siku linapotakiwa linatakiwa sasa hivi. Kwa kazi hiyo Elixir hawana mpinzani, hata D'Addario XS zenye utando ambazo nimezijaribu na kuzipenda kwa mguso wake mkavu zaidi.

Kuhusu feki. Duka moja Kariakoo, silitaji, liliniuzia D'Addario kwa bei iliyonifanya nitabasamu. Uzi wa tatu ulikataa tuni tangu mwanzo. Pakiti za kampuni hiyo zinakuja zimefungwa zisipitishe hewa, rangi za vipete zinafuata mpangilio nilioutaja, na ndani kuna namba ya kuhakiki. Yangu ilikuwa na vipete vya rangi moja tangu juu hadi chini. Nikarudi, muuzaji akanieleza kwamba hizo ni "toleo la Afrika." Nilicheka hadi nikasahau kudai pesa. Bora ununue Alice halisi, za Kichina, zinazosema zenyewe ni Alice. Zina ukali wa bati siku mbili kisha zinazimika, lakini mtoto anayejifunza anapata nyuzi sita zinazotunika kwa bei ya chipsi kuku, na hilo si dogo.

Besi ndiyo niliyoifanyia fujo zaidi. Kanisa letu lina paa la bati, sakafu ya saruji na kuta tupu. Besi ya kwaya niliikuta na nyuzi za chuma za mzunguko wa duara, aina ya Rotosound Swing Bass 66. Hizo ni za Uingereza, za miaka ya 1960, na John Entwistle wa The Who alikuwa na mkono katika kuzaliwa kwake. Alitaka besi inayolia kama piano, akaipata. Jukwaani kwenye dansi, ukitaka besi ijibizane na ngoma na isikike hadi getini, Rotosound ni kitu. Chini ya bati la kanisa zilikuwa zinagonga na kukwaruza, kila kidole kikihama kinasikika, na mama mmoja wa sauti ya pili akaniuliza kwa upole kama chombo kina hitilafu. Tena chuma kile ni kigumu, kinakula freti na ncha za vidole pia.

La Bella ninazotumia ni zile zilizozungushiwa utepe bapa badala ya waya wa duara, namba 760FS, arobaini na tano hadi mia moja na tano. Uso wake ni laini kabisa. Mlio ni mnene, mfupi, unaanza na kuishia mahali unapotaka, na sauti nne za waimbaji zinapata sakafu ya kusimamia. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye santuri za Motown, alitumia La Bella za utepe na alijulikana kwa kutozibadilisha mpaka zikatike. Sasa ninaelewa kwa nini. Hazina mitaro ya kushika uchafu, na zikizeeka ule ukali wa upya unaondoka, kinachobaki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kasoro zake mbili: ni kakamavu, mwenye vidole vichanga atalia, na bei yake inaumiza, seti moja inanunua seti kadhaa za gitaa. Thomastik-Infeld wa Vienna wana za utepe zilizo laini zaidi na zinaimba vizuri katikati, nimezipiga kwenye besi ya rafiki, lakini bei yao inapita hata hiyo, na kwa anayepiga kwa nguvu zinayumba.

Kwa wa Rotosound ambao hamna pesa ya seti mpya: chemsheni. Dakika kumi kwenye sufuria, uchafu unatoka kwenye mitaro, maji yanakuwa ya kutisha. Zikaushwe kwa kitambaa kisha jua kali la saa sita, zisibaki na unyevu hata chembe, la sivyo unazipeleka kwenye kutu kwa mikono yako. Mlio unarudi kwa siku chache, unatosha kwa harusi ya Jumamosi.

Gitaa kavu sina mengi. Bronzi ya themanini kwa ishirini, shaba na zinki, inang'aa sana ikiwa mpya na huku Pwani inageuka rangi upesi. Bronzi ya fosfori, kama D'Addario EJ16, inavumilia zaidi na mlio wake una joto. Nachukua EJ16. Msifunge bronzi kwenye gitaa la umeme, sumaku za pikapu hazizisikii vizuri zile nyuzi nene.

Mtu akienda Dubai wiki ijayo, nimeshamwandikia: seti za EXL110, nyuzi za kumi za moja moja kwa wingi, na seti moja ya Elixir kwa gitaa la stoo. La Bella sijaagiza. Zilizopo bado hazijaanza hata kunichosha.