Pasi ya Interrail ya siku 7: ningejua ningechukua ya siku 4

Nasoma Leipzig, Ujerumani, nina miaka 26. Umri nautaja makusudi, maana pasi ya vijana ya Interrail huishia miaka 27 na inauzwa robo pungufu ya bei ya mtu mzima, nami niliona mlango unafungwa. Nikajibana miezi kadhaa, nikatenga euro 800 za wiki mbili na ushee, kila kitu humo humo: nauli, kulala, kula. Pasi ya siku 7 ndani ya mwezi mmoja ilinigharimu chini kidogo ya euro 300.

Kwa asiyeijua: Interrail ni pasi moja ya kupandia treni Ulaya, nayo inahusu nchi 33. Kila siku ya safari unayoiwasha huanza saa sita usiku hadi saa sita usiku inayofuata, na ndani yake unapanda treni nyingi utakavyo. Nchi unakoishi unaruhusiwa kuitumia kutokea mara moja na kurudia mara moja tu. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Ndugu anayekuja kutembea kwa viza kutoka nyumbani hununua Eurail, ambayo ni kitu kilekile kwa jina jingine. Wanachoangalia ni unapoishi, kwa hiyo pasipoti yangu ya Tanzania haikunizuia.

Hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kulipa niliifanya nikiwa nimeshakaa ndani ya treni, kando ya mto Elbe, nje mvua inanyesha. Chukua 300 gawa kwa 7: kila siku ya pasi ni euro 40 na kitu. Maana yake siku yoyote ambayo tiketi ya kawaida iko chini ya hapo, umejitia hasara mwenyewe. Na mimi nilikuwa naelekea Prague, kisha Vienna, njia ambayo ukikata tiketi wiki kadhaa mapema unaipata kwa chini ya euro 25. Siku mbili za kwanza, hasara mbili. Hakuna aliyenidanganya, ni uvivu wangu wa kulinganisha bei.

Vienna kwenda Ljubljana, Slovenia, mwendo wa saa sita hivi, hiyo ilikuwa safari halali ya pasi. Pia ndiyo nusura initie aibu. Siku hiyo niliamka nimechelewa, nikapanda bila kuiingiza treni kwenye pasi ndani ya simu. Mkaguzi akanifikia tukiwa tunaanza kupanda Semmering, ile reli ya milimani iliyofunguliwa 1854, yenye mahandaki yasiyoisha. Nabonyeza, mtandao unarudi. Kabla msimbo wa QR haujatokea, tunaingia gizani tena. Mzee wa watu akasimama kaegemea kiti, kimya, mpaka handaki la nne au la tano. Msimbo ulipotokea akauskani, akasema neno moja la Kijerumani ambalo kwa Kiswahili ni "haya." Tangu siku hiyo naiwasha siku ya safari nikiwa bado kitandani, nina waifai ya hosteli.

Italia ndiko pasi inakoonyesha meno. Treni za kasi zinataka ulipie kiti juu ya pasi, zaidi ya euro 10 kila unapopanda. Ufaransa na Hispania nako ni hivyo, na Eurostar ya London ni euro 30 na zaidi. Ukipanga Paris, Barcelona, Roma kwa wiki moja, hela ya viti peke yake inatosha chakula cha siku kadhaa. Mimi nilikwepa. Trieste hadi Venice nilikata tiketi ya treni ya mkoa kwa hela ndogo, sikugusa pasi. Nikalala Mestre, ng'ambo ya kisiwa, dakika kama kumi kwa treni, ambako kitanda ni nafuu. Kwenda Milan nikapita Verona kwa treni za mkoa, saa nne badala ya mbili na nusu. Mtu niliyezoea reli ya kati, Tabora hadi Kigoma, saa nne za kiti chenye mto haziniumizi.

Sasa niseme kilichonifanya nisijute kabisa. Njia yangu ya kurudi ilipita Uswisi, ila sikutaka kulala huko, mfuko haukuruhusu. Nikalala Tirano, mji mdogo wa Italia ulio mpakani kabisa, nikanunua mkate na bresaola (nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa chumvi, fahari ya bonde lile), asubuhi nikapanda treni ya Bernina, reli ya milimani itokayo Tirano hadi St. Moritz, Uswisi. Watalii wengi hulipia kiti kwenye Bernina Express yenye vioo hadi darini. Lakini treni ya kawaida hupita juu ya reli zilezile, haitaki ulipie kiti, na pasi inakubalika. Behewa langu lilikuwa na dirisha linalofunguka. Treni inaanza kwa kukatiza barabarani katikati ya magari, mbele ya kanisa kubwa. Pale Brusio inazunguka duara juu ya daraja la mawe lenye matao tisa, hadi unaliona behewa la mbele likipita pembeni yako. Halafu inakwea bila meno ya katikati ya reli, yale yanayosaidia treni kupanda mlima, hadi mita 2,253. Kule juu mwezi Mei bado kuna theluji, na mkate wangu ulikuwa baridi kama umetoka friji.

St. Moritz, Chur, Zürich, Basel, Frankfurt, Leipzig: yote hayo siku moja ya pasi. Kwa nauli kamili ingepita euro 200. Hapo ndipo pasi inaponunuliwa, kwenye nchi ghali na siku ndefu. Kumbuka tu Uswisi haimo Umoja wa Ulaya, kwa hiyo bando la Ulaya linaweza kukutoboa mfuko. Nilizima data Tirano, msimbo ukiwa tayari kwenye simu. Na beba pasipoti yenyewe pamoja na kibali cha ukazi, si picha. Baada ya Basel polisi wa Ujerumani waliingia behewani na wakaomba vyote viwili, kwangu na kwa wengine wachache.

Nilifika saa nne usiku nikiwa na euro 31. Pasi ya siku 4 ningeipata kwa euro 70 hivi pungufu. Yangu ilikuwa bado na siku mbili sijazitumia, nikajiambia nitalipa nauli hadi mpaka wa Denmark, kisha pasi inifikishe Copenhagen wikiendi moja. Mwezi ukaisha nikiwa maktaba najiandaa na mtihani.