Ukitaka cha mvunguni uinue kitanda?? Uzoefu wangu na wapamba nyumba

Naomba nianze na shikamoo maana ndipo tatizo lilipoanzia. Mimi nina miaka 71, nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, wanafunzi wangu wengine sasa hivi wana wajukuu, na kwenye nyumba yangu hajawahi kuingia kijana akapita mbele yangu kama anapita mbele ya friji. Huyu mpamba nyumba aliingia, akamwambia binti yangu "mambo vipi dada", akatoa futi yake ya kuvuta akaanza kupima ukuta. Mimi nimekaa pale pale kwenye kochi. Nikajikohoza. Akapima na kochi.

Kabla hamjaniambia mama umekasirika kwa jambo dogo, ngoja nieleze. Nilikuwa naishi Tanga, Ngamiani, nyumba ya vyumba sita na uani kuna mwembe, mzee wangu alipotangulia wanangu wakafanya kikao bila mimi wakaamua mama aje Dar awe karibu na hospitali. Sikatai, presha ninayo na magoti yanajua hali ya hewa kabla ya redio. Wakanitafutia flati Upanga, chumba kimoja, sebule, choo ndani, na jiko ambalo mkiingia wawili mmoja lazima atoke kinyumenyume. Vitu vya vyumba sita nikavigawa weee, majirani wakaniombea dua, nikabaki na vile ambavyo kuvitoa ni kunitoa roho. Kasha la marehemu mama mkwe lenye misumari ya shaba, doti za khanga ambazo sizihesabu, cherehani, kinu na mchi wake, vitambaa nilivyofuma mwenyewe, na mafaili yangu. Hata hivyo sebule ikawa kama stoo ya shule. Ndiyo binti yangu akawapata hawa watu mtandaoni, eti wanapanga nyumba ndogo za wazee ziwe na nafasi na zipendeze. Picha zao nzuri, hilo siwezi kudanganya.

Basi maswali yote akawa anaulizwa binti. Bi mkubwa huwa anaamka mara ngapi usiku? Bi mkubwa anapika mwenyewe? Bi mkubwa ana nguo nyingi? Binti yangu anakaa Mbezi anakuja Jumapili, nguo zangu anazijulia wapi? Nikawa najibu mimi, na yeye anaandika kwenye simu huku anamtazama binti. Wallahi nilihisi kama mgonjwa mahututi anayesimuliwa kwa daktari. Akafika kwenye kasha, akaligusa kwa ncha ya kiatu. KIATU. Akasema hili linakula nafasi, tulitafutie mteja, kuna wageni wanapenda vitu hivi. Kinu akasema kiende kijijini. Kijiji gani mwanangu, mimi ni mtu wa mjini tangu kuzaliwa. Vile vitambaa vya kufuma vikaitwa "haya matambara". Binti yangu akanikonyeza ninyamaze. Nikanyamaza, ndilo kosa langu.

Haya, kitanda. Nataka nikae hapa kwenye kitanda maana mengine yote ningesamehe. Walinitengenezea kile kitanda cha kuinua, godoro na chaga yake vinapanda juu kama boneti ya gari, chini kuna sanduku zima la kuwekea vitu, pembeni kuna springi mbili za gesi za kusaidia kubeba. Kijana akakiinua kwa kidole kimoja mbele ya binti yangu, binti akapiga makofi. Akasema hapa kila kitu cha muhimu weka humu, ni kama benki. Nami kwa ujinga nikaweka, khanga zote, mashuka, vyeti, hati za pensheni, na kibahasha chenye kadi ya bima.

Sasa sikilizeni kitu ambacho hawasemi. Zile springi zinasaidia pale kitanda kikishaanza kupanda. Pale mwanzo kabisa, godoro likiwa limelala, springi nayo imelala, haisukumi juu inasukuma pembeni, kwa hiyo kilo zote zile ni zako wewe, na unatakiwa uinamie chini kabisa ushike mkanda, uvute kwa mgongo. Mwenye miaka 30 hata hahisi. Halafu mkanda wenyewe uko miguuni pa kitanda na chumba chenyewe ni kidogo (si ndiyo maana tukawaita!), kutoka mwisho wa kitanda mpaka ukutani ni futi moja na nusu labda, nikiinama kichwa kinagonga ukuta, nikisimama wima mikono haifiki. Waliosema ukitaka cha mvunguni sharti uiname hawakusema uinue na kitanda.

Wiki za mwanzo nilikuwa namsubiri binti Jumapili ndiyo nipate shuka safi. Nikavumilia. Halafu springi ya upande mmoja ikafa, sijui gesi iliisha au vipi, kitanda kikawa kinapanda kimejikunja kama mtu mwenye kiharusi, Mungu anisamehe. Kuna siku, ilikuwa kama mwanzo wa masika hivi, nina kliniki ya presha, nimeamka alfajiri nimevaa nimejipaka nimekaa tayari, nakumbuka kadi iko benki. Nikavuta. Wapi. Nikavuta tena nikasikia kiuno kinaniambia bi mkubwa acha. Nikashuka kumwita mlinzi wa geti, naye baba wa watu tunalingana umri, akapanda ngazi kwa kupumzika, tukawa wazee wawili tunavuta mkanda mmoja kwenye futi moja na nusu, yeye ananiambia "bibie tuseme bismillahi", tukavuta, kikapanda nusu, springi nzima inasukuma na mbovu imegoma, na hakuna wa kukiachia. Nikanyoosha mguu nikauvuta mchi wa kinu uliokuwa umesimama kwenye kona, tukakiegemeza nao. Mchi! Ule uliotakiwa kwenda kijijini! Nikaingiza mkono nikatoa kibahasha huku nasali, maana mchi ukiteleza basi mkono wangu unabaki benki. Kliniki nilifika saa sita mchana, foleni imeshapita, nikaambiwa nirudi wiki ijayo.

Nikampigia simu yule kijana. Siku hiyo nikawa "mama", sio bi mkubwa tena. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema "Mama, garantii ni ya mbao, springi ni kitu kingine". Nikamuuliza mbao inafanya kazi gani bila springi? Akasema labda nilijaza vitu vizito. Khanga! Nikakata simu, presha siku hiyo sikuipima ila naijua ilikuwa ngapi.

Na kwa kuwa nimeshachafukwa niseme na mengine haraka haraka. Makabati ya jikoni yamepanda mpaka dari, rafu mbili za juu sijawahi kuziona ndani, humo watakuja kukuta wajukuu. Kila kitu cheupe, ukuta mweupe, kabati jeupe, swichi nyeupe, na milango haina vishikio, eti unagusa inafunguka. Mimi jicho moja nimetolewa mtoto wa jicho, la pili linasubiri zamu, usiku napapasa ukuta natafuta swichi, mpaka nikaizungushia selotepu nyekundu mwenyewe, imeharibu pambo lakini naiona. Kioo kikubwa wakakiweka mkabala na mlango wa chumba ili nyumba ionekane kubwa, matokeo yake kila nikiamka kwenda chooni nakutana na bibi kizee ananijia gizani. Kizulia cha manyoya juu ya malumalu hicho nilikikunja siku ile ile nikakitia ndani ya kasha, mifupa yangu haina spea.

Yaani kinachoniuma zaidi ni kwamba kuishi padogo sio kitu kigeni kwetu. Zamani nilikwenda Lamu kwenye maulidi tukatembezwa kwenye zile nyumba za mawe za kale, vyumba vyembamba kwa sababu dari ilikuwa inabebwa na boriti za mikoko na boriti haina urefu wa kutosha, kwa hiyo upana wa chumba hauzidi sana mita 3, kinachokwenda ni urefu tu. Na humo humo watu wakapanga vyombo vya kauri kutoka Uchina na vitabu na taa kwenye zidaka, vishubaka ndani ya ukuta wenyewe, havili hata inchi moja ya sakafu. (Kweli zidaka nyingine ziko juu sana, ila zile ni za pambo, sio za kadi ya bima.) Na kitanda cha samadari, miguu mirefu, mvungu wazi, sanduku unalivuta unalisukuma. Hakuna gesi. Somo hili nimelifundisha miaka na miaka halafu nikakubali kuuziwa boneti ya gari.

Nilitaka kuishia hapo, nyota moja na kwaheri. Lakini nitakuwa mwongo.

Alikuwepo msaidizi wake, kijana mwembamba asiyesema, ndiye aliyekuwa anabeba na kukata. Siku ya kwanza aliniamkia akiwa na mbao begani, kwa sauti ya chini kama anaiba. Basi Jumapili moja baada ya mambo ya simu, nasikia hodi, ni yeye peke yake na mfuko wa vifaa. "Shikamoo bibi. Nimesikia habari ya kitanda nimeona haya." Nikamkaribisha chai, akanywa kasimama. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza tangu kazi ianze: "Bibi, mkono wako unafika wapi?" Nikamwambia vipi? Akaniambia inua mkono bila kuchuchumia, nikainua, akaweka alama ya penseli ukutani. Akaweka nyingine usawa wa goti. Akasema kila unachokigusa kila siku kikae katikati ya hizi alama mbili, nje ya hapo weka vya Idi na misiba. Akauliza nalala upande gani na nashukia mguu upi kwanza. Nilitamani kulia, sijui kwa nini, kwa swali la mguu.

Akazing'oa springi zote mbili. Akakata ubavu wa kitanda upande ninaoshukia akaweka droo tatu za kuvuta, zenye reli, na akanifungia vishikio virefu vya kushika kwa kiganja kizima maana vidole vyangu vina baridi yabisi na vile vifundo vidogo vinanishinda. Droo ya katikati ndiyo ya makaratasi, naivuta nikiwa nimekaa kitandani. Kasha akalisogeza miguuni pa kitanda kwenye ile futi moja na nusu, likakaa kama lilipimwa, sasa ndiyo kiti changu cha kuvalia viatu. Kioo akakihamishia pembeni. Jikoni akashusha rafu moja ikawa chini ya kabati, vikombe na sukari viko hapo. Nikamwambia bei, akakubali hela ya reli na vishikio tu. Jina lake simtaji asije akapoteza kazi.

Na nikiri jingine, kuna vitu viwili yule bosi alivifanya vizuri. Meza ya kukunja ukutani sebuleni, naishusha nakula, napiga cherehani, nikimaliza naipandisha na njia inabaki wazi, hiyo naipenda kuliko kitu chochote humu ndani. Na benchi ya mlangoni yenye droo ya viatu na mwavuli. Kwa hiyo nikasema basi, nyota tatu, tusameheane, vijana wa siku hizi hawakufundwa na sio kosa lao lote.

Sasa juzi kati kaja mwenyewe kudai salio, maana binti yangu alikuwa amezuia hela ya mwisho mpaka kitanda kitengenezwe. Kaingia, "mambo vipi dada" kwa binti yangu (alikuwepo, nilimwita makusudi). Kaona droo, akavuta moja akairudisha, akasema "safi sana hii". Akatoa simu akapiga picha kitanda, akapiga kasha, akapiga na kile kitambaa changu cha kufuma nilichokitandika juu ya kasha, lile tambara. Kesho yake binti ananionesha, imo kwenye ukurasa wao, kitanda cha droo kwa wazee wetu, ubunifu wetu, na kasha limeandikwa eti pambo la asili ya pwani. Watu wamejaza mioyo na makopa. Ukikuza picha kwenye kona unaona mchi wangu umesimama.

Nyota tatu nimezirudisha. Ziwe moja. Au mbili, kwa ajili ya ile meza, maana hapa ninapoandika nimeegemea juu yake na chai yangu iko pembeni na sijabanana na chochote. Hapana, moja na nusu kama wanaruhusu.

Salio lake lipo, sijalila. Lipo kwenye droo ya katikati, kwenye kibahasha pamoja na kadi ya bima. Aje wakati wowote, nipo nyumbani, aniamkie nimpe.