Majina ya watu kwenye video ya harusi: uzoefu wangu na Kdenlive

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi hapa Tanga, na katika kazi yote hiyo hakuna kinachoninyima usingizi kama majina. Picha ikitikisika kidogo wakati maharusi wanaingia ukumbini, watu watasamehe. Jina la babu yao likikosewa, hawasamehi, na wana haki. Ndiyo maana nilipohamia Kdenlive, programu ya kuhariri video kwa kompyuta, kitu cha kwanza kukipima kilikuwa sehemu yake ya maandishi.

Programu hii ni ya bure kabisa, inatengenezwa na KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huru, inakubali kompyuta za Linux na za Windows, na video ikitoka haina nembo ya mtu juu yake. Kabla ya hapo nilikuwa nahariri kwa programu moja ya simu iliyokuwa ikinipachikia nembo yake. Kumkabidhi mteja aliyelipa pesa yake kitu chenye nembo ya wengine, mimi nilikuwa naona haya.

Kuweka maandishi si kazi. Kwenye dirisha la klipu, pale vipande vyako vya video vinapokaa, unabofya kitufe cha kulia cha mausi, unachagua kuongeza klipu ya taito, yaani ya maandishi, na ukurasa wa kuandikia unafunguka. Unaandika, unachagua fonti, rangi na kivuli. Ukihifadhi, taito inakaa pamoja na klipu zako nyingine, nawe unaiburuta hadi kwenye traki, yaani safu, iliyo juu ya video. Inakuja na sekunde 5. Ukitaka zaidi unaivuta ncha. Mimi nalisoma jina kwa sauti mara mbili, polepole, nikiwa nalitazama kwenye skrini. Likiondoka kabla sijamaliza, naongeza.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba ukurasa ule wa kuandikia unaweza kukuonyesha fremu ya video yenyewe nyuma ya herufi. Harusi zetu zimejaa kanzu nyeupe. Wakati wa kufunga ndoa, wazee wamekaa mkekani bega kwa bega, herufi nyeupe zikiangukia kifuani mwa mtu zinapotea. Sasa naliona tatizo mapema: nachora mstatili mweusi, naupunguza ukolevu mpaka kanzu ionekane kwa mbali, kisha naweka jina juu yake. Wateja wangu wengi wanaangalia kwenye simu, kwa hiyo herufi nazifanya kubwa kuliko ninavyopenda mwenyewe, na jina refu kama Mwanakombo pamoja na la baba na la babu nalivunja mistari miwili lisifike ukingoni.

Sasa nieleze palipowahi kuniumiza, maana wengi mtapita hapo hapo. Harusi moja ya Raskazone nilitengeneza taito ya mzee wa upande wa bibi harusi, ikapendeza. Nikainakili kwenye mstari wa muda, pale klipu zinapopangwa kwa mfuatano, nikaisogeza hadi kwa kijana wa upande wa pili, nikaifungua na kubadilisha jina. Sikurudi nyuma kuangalia. Jioni ya siku niliyokabidhi, mama wa bibi harusi akanipigia: "Mwanangu, mbona babu yetu umemwita kwa jina la shemeji?" Nilinyamaza kwanza, nikamwomba radhi, usiku ule ule nikairudia kazi.

Nakala zile za kwenye mstari wa muda zote zinatoka kwenye klipu moja. Ukibadilisha moja umebadilisha zote. Ndivyo programu inavyofanya kazi, na mimi sikulijua hilo. Ukitaka taito ya pili inayojitegemea, idurufu kule kwenye dirisha la klipu, kisha ndipo ubadilishe jina.

Njia iliyo bora zaidi ni kiolezo, yaani taito ya mfano unayoitumia tena na tena. Unatengeneza taito moja nzuri, mstatili wake, fonti yake, kivuli chake, lakini mahali pa jina unaandika %s tu. Unaihifadhi. Kuanzia hapo kila mtu unamwongezea taito kutoka kwenye kiolezo hicho, unaandika jina lake kwenye sifa za klipu, na lile %s linageuka jina. Mwonekano haubadiliki hata chembe kati ya mzee wa kwanza na mpambaji wa mwisho. Shukrani za mwishoni, zile zinazopanda kutoka chini, nazo zinafanyika humo humo: unaonyesha pa kuanzia na pa kuishia. Nazipa muda mrefu, zisikimbie.

Usitegemee madoido makubwa. Mteja anayetaka herufi za dhahabu zinazozunguka na kumetameta, programu nyingine ya kuhariri, DaVinci Resolve, ina zana nzito zaidi za taito, na toleo lake la bure lipo, ila inataka kompyuta yenye kadi nzuri ya picha. Laptopu yangu si ya hivyo. Jambo jingine: ukihamishia kazi kwenye mashine ya mwenzako, hamisha na fonti, la sivyo atafungua na kukuta herufi nyingine kabisa.

Siku hizi nabeba daftari ukumbini. Kabla sijafungua kompyuta, majina yote yanakuwa yameandikwa humo, na mama mwenye shughuli, au shangazi, anayasoma moja moja na kunisahihishia kwa kalamu yake. Harusi ya mwisho yalikuwa majina 23. Niliyaingiza yote kwenye kiolezo asubuhi moja, na simu ya malalamiko haijaja.