Kujifunza kurusha mipira mitatu kwa video za bure: uzoefu wangu

Ninachokipima hapa si mipira, ni video. Nimejifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa mfululizo, ule mchezo wa wanasarakasi, na simu ndiyo imekuwa kocha wangu. Nimepitia YouTube ya bure, klipu fupi za TikTok na Instagram, tovuti na programu za michoro inayotembea, na kozi moja ya kulipia ambayo sitaitaja jina. Inawezekana kujifunza hivyo? Inawezekana, tena vizuri. Ila video nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mtazamaji, si mwanafunzi, na kazi kubwa imekuwa kuzichambua hizo.

Huku kwetu ujuzi huu unapita mkono kwa mkono. Nenda ufukweni Dar au Mombasa utawakuta vijana wa sarakasi, mkubwa akimkosoa mdogo hapo hapo mchangani. Nairobi kuna Sarakasi Trust, Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa. Aliye ndani ya kikundi hana haja na maelezo yangu. Namwandikia aliye nje: mwenye kazi zake, chumba chenye dari fupi, na bando la kuhesabu.

Kuhusu mipira yenyewe sikai sana. Mpira wa tenisi una gramu kama 58, ni mwepesi mno na ukianguka unadunda hadi uvunguni. Weka ulezi kwenye kifuko cha nailoni, kata shingo ya puto, livalishe juu yake, kisha puto la pili upande wa pili. Mpira kama huo hautoroki, unaanguka na kukaa. Simama ukielekea kitanda, usiwe unainama kila saa. Basi, tuendelee.

Somo la kwanza linafanana karibu kila mahali: mpira mmoja, halafu miwili, halafu mitatu. Mpira unarushwa kwa upinde kutoka mkono mmoja kwenda wa pili, ukifika kileleni, kama usawa wa macho, ndipo unarusha unaofuata, ukipita chini ya ule wa kwanza. Mtindo huu ndio kaskedi. Ugumu wake unatokea kwenye ule mkono usiokuwa wa kazi. Kwa wengi wetu ni wa kushoto, nao badala ya kurusha hupenda kuukabidhi mpira kwa mwenzake wa kulia. Mipira inaanza kwenda duara, na mwanafunzi anadhani amepata.

Duara si kosa, ila ni mtindo mwingine, na mgumu zaidi. Kule Tonga, kwenye bahari ya Pasifiki, wasichana wana mchezo uitwao hiko: wanazungusha ndimu au kokwa za mti wa tuitui kwa mtindo huo huo, mkono mmoja ukirusha na mwingine ukipokea na kukabidhi. Wazungu waliofika huko na Kapteni Cook karne ya 18 waliuona na kuuandika. Mkono mmoja ndio unaobeba kazi yote ya kurusha, kwa hiyo mipira lazima iende juu zaidi ili upatikane muda. Na muda hewani ni ghali: ukitaka mpira ukae mara mbili, lazima uurushe kimo mara nne. Mwalimu wa video asiyemwonyesha mwanafunzi tofauti ya duara na kaskedi amemwacha njia panda, hata kama mwenyewe anarusha kama malaika.

Kwa masomo ya mwanzo nimekaa zaidi na Taylor Glenn, Mmarekani mwenye chaneli ya Taylor Tries. Ninachompendea ni kwamba anavunja kitu vipande vidogo na anaongea kama mtu aliye na wewe chumbani. Kiingereza chake kinafuatika hata kwa sisi tuliokisoma shule ya kata, na pale kisipofuatika, mikono inaeleza.

Sasa malalamiko yangu makubwa: muziki. Sijui nani aliwaambia watu kwamba somo la kurusha mipira linahitaji bongo fleva, au ngoma za klabu za Ulaya, chinichini mwanzo hadi mwisho. Katika mchezo huu sikio ni mwalimu kuliko jicho. Mipira ikitua viganjani kwa mwendo sawa unasikia pa, pa, pa, pa, bila pengo. Mkono mmoja ukiwa mvivu, utasikia pa-pa... pa-pa... pa-pa, kabla hata hujaona tatizo. Nikipata video yenye sauti halisi ya mipira, naweka simu mfukoni, spika wazi, na kurusha nikifuata mdundo wake. Video ikiwa na muziki, somo hilo limefutwa. Kwa kigezo hiki peke yake naondoa nusu ya video zinazosifiwa.

Cha pili ni pembe ya kamera. Mwalimu akisimama mbele yako, kulia kwake ni kushoto kwako, na kwa kaskedi haina neno kwa sababu pande zote zinafanana. Lakini ngoja ufike kwenye Mills Mess. Huu ni mtindo uliobuniwa na Mmarekani Steve Mills miaka ya 1970: mikono inapishana na kufunguka huku mipira ikifuata kwa mawimbi, kushoto, kulia, kushoto. Ni mzuri ajabu kuutazama, na ukiutazama kwa mbele hutajua mkono upi uko juu ya upi. Hapa tafuta video iliyopigwa kutoka nyuma ya bega la mwalimu, uione mikono yake kama ungeiona yako. Zipo, ila si nyingi, na mara nyingi hazina watazamaji wengi kwa sababu sura ya mtu haionekani.

Halafu kasi. YouTube inakuruhusu kupunguza mwendo hadi 0.25. Ukiwa na kompyuta, simamisha video kisha bonyeza kitufe cha nukta, inasogea picha moja moja. Kitufe cha mkato kinarudisha nyuma. Mpira uliorushwa mita 1 juu ya mkono unarudi baada ya sekunde 0.9 hivi, kwa hiyo video ya picha 30 kwa sekunde inakupa kama picha 27 za safari hiyo, na zinatosha kuona mrusho ulianzia wapi. Lakini hapa bando linakuja na masharti yake. Ukipakua kwa 144p ili kubana, mpira unayeyuka: unabaki ukungu wa rangi usiojulikana umetoka mkono gani. Afadhali dakika mbili za 720p kuliko nusu saa ya ukungu.

Klipu fupi za TikTok na Instagram naziweka fungu lake. Kama masomo, hazifai. Zimekatwa sekunde moja kabla mpira haujaanguka, zikazungushwa zijirudie, ukadhani yule kijana anarusha milele. Kama hamu, zinafaa sana. Nikichoka natazama chache na kunyanyuka tena. Tatizo ni wale wanaobandika maneno kwamba kurusha mipira kunaongeza akili. Kuna utafiti halisi nyuma ya hilo, ulitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2004: watu waliojifunza kaskedi kwa miezi mitatu walionekana kuongezeka kidogo eneo fulani la ubongo linalohusika na kuona mwendo. Wanachokiacha ni kwamba watu hao walipoacha kurusha, ongezeko lilipungua. Na hakuna aliyewapima akili kwa maana tunayoifikiria sisi.

Kozi ya kulipia? Mpangilio wake mzuri, lazima nikiri. Somo linajenga juu ya somo, huhangaiki kutafuta kinachofuata. Ila ndani yake sikupata kitu ambacho hakipo bure, muziki ulikuwepo, na pembe ya kamera ilikuwa moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Sirudii.

Mpangilio huo unaupata bila senti kwenye tovuti ya Library of Juggling. Kila mtindo una mchoro unaotembea, alama ya ugumu kati ya 1 na 10, na orodha ya mitindo unayopaswa kuijua kwanza. Mchoro hauna sura, hauna muziki, hauli bando kama video. Mwenzake ni Juggling Lab, programu ya bure ya Jack Boyce: unaandika namba, na kikaragosi kinarusha.

Namba gani? Saitiswapu, namna ya kuandika mirusho kwa tarakimu. Ilizuka miaka ya 1980, California na Cambridge, kila kundi bila habari za lingine. Kila tarakimu ni mrusho mmoja, na inakwambia mpira huo utarushwa tena baada ya mapigo mangapi. Witiri huvuka kwenda mkono wa pili, shufwa hurudi mkono ule ule. 3 ni mrusho wa kawaida wa kaskedi, 4 unapanda wima na kurudi ulikotoka, 5 unavuka kwa juu zaidi, 1 ni kukabidhi tu. Wastani wa tarakimu ni idadi ya mipira: 441 jumla yake 9, gawa kwa 3, mipira mitatu. 531 vile vile. Lakini wastani kamili hautoshi. Chukua 543, wastani 4. Mrusho wa kwanza unatua baada ya mapigo matano. Wa pili umerushwa pigo moja baadaye, unatua baada ya manne. Wa tatu mapigo mawili baadaye, unatua baada ya matatu. Yote mitatu inamwangukia mkono mmoja kwa wakati mmoja! Niliyefeli hesabu kidato cha nne, nilikaa na karatasi jioni nzima nikitafuta namba zinazokubali na zinazokataa. Tangu hapo nikiona klipu tamu siulizi tena "amefanyaje?", nahesabu.

Kujirekodi ndiyo nusu ya pili ya shule hii, maana video haikuoni. Egesha simu kwa wima, kwa sababu mipira inapanda kuliko inavyotanuka. Jirekodi mbele, kisha ubavuni. Ubavuni ndiko utakakoona unavyorusha mbele na kuikimbilia mipira. Piga nje wakati wa mwanga mwingi, kwani kwenye kivuli kamera inavuta picha na mipira inakuwa mistari. Mipira myeupe mbele ya ukuta mweupe haionekani.

Niliziweka klipu zangu TikTok, kwa Kiswahili, sauti ya mipira ikiwa wazi na kuanguka kukiwemo. Za kujisifu hazikuenda mbali. Iliyoenda ni ile niliyoonyesha mkono wa kushoto ukikabidhi badala ya kurusha, polepole, na jinsi ya kuutibu: anza kila mzunguko na huo huo mkono wa kushoto. Watu wakaanza kuniletea video zao nizitazame. Kuzikosoa kumenifundisha kuona kuliko kutazama mabingwa.

Mwanafunzi wangu bora lakini hakutoka mtandaoni. Shangazi alikuwa anapita uani, akasimama.

"Hicho ndicho kinachokukosesha chakula?"

"Jaribu, shangazi."

Akachukua miwili, akairusha, akaidaka bila hata kuitazama. Utotoni alicheza mdako: unarusha jiwe juu, unazoa mengine kutoka kishimoni, unalidaka kabla halijagusa chini. Jicho lake tayari lilikuwa juu, kileleni, mahali ambapo video zote zinahangaika kulipeleka la kwangu. Mpira wa tatu aliumudu wiki hiyo hiyo. Sasa watoto wa jirani wakija hawaniulizi mimi, anko wao, wanamuuliza yeye.

Nyota: nne kati ya tano kwa video za bure, tano kwa Library of Juggling na Juggling Lab, mbili kwa kozi ya kulipia. Nyota moja ninayoizuia ni ya muziki, na ya jambo ambalo skrini haiwezi kulitoa: kurushiana na mtu wa pili. Ukitaka hilo, tafuta kikundi. Mwenye mpango wa kuanza na bando dogo, apakue somo moja la kaskedi lenye sauti safi na video moja ya kutoka nyuma ya bega. Mills Mess iache kwanza. Mimi nipo kwenye 441, na ile 1 inanisumbua kweli kweli.