Mlango mnene wa kabati unaozama ndani ya fremu, uchukue bawaba gani?

Haya ndugu zangu habari za saa hizi, leo hapa mezani nina bawaba mbili na mlango wa mninga wa milimita 30, ule wa kuzama ndani mpaka uso wake unakaa sawa na fremu, maana wengi mnaniuliza, unatengenezesha kabati kwa mafundi wa Keko, Dar, linakuja zuri kabisa ila ukifungua mlango unasugua.

Tuanze na hii ya kikombe, ndo imejaa maduka ya Kariakoo, ina kikombe kinachozama kwenye tundu la milimita 35 nyuma ya mlango. Mkono wake, ule unaofungwa kwenye kabati, unakuja wa aina tatu, ulionyooka, uliopinda kidogo na uliopinda sana, na kwa mlango wa kuzama ni huu uliopinda sana tu, mwingine usikubali hata muuzaji akuapie. Sasa oneni hapa, nafungua taratibu, mnaiona hiyo kona ya mbele upande wa bawaba? Inaifuata fremu! Yaani mlango unazungukia sehemu iliyo nyuma ya uso wake, kwa hiyo mbao ikizidi unene na kona inazidi kusogea. Mlango wa MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, wa milimita 18 wala husikii kitu, hii ya 30 inakula rangi. Zipo za kikombe za milango minene kabisa, zinafunguka kama digrii 95 badala ya zile 110 tulizozoea, hizo nzuri, ila kabla hujatoboa soma karatasi yake inabeba unene mpaka ngapi na inataka nafasi kiasi gani. Raha yake ni marekebisho, ukishafunga unageuza skrubu tu mlango unapanda, unashuka, unasogea.

Haya, hii nyingine, bawaba ya siku zote ya majani mawili, yaani vibapa viwili vilivyounganishwa na pini. Kwa mninga mnene mimi nachukua hii, sisiti. Pini yake imetokeza mbele ya mlango, ukivuta ukingo wote wa upande huu unaikimbia fremu, unene uwe milimita 25 uwe 40. Pa kuangalia ni upande wa kitasa, kona ya nyuma. Mlango wa upana milimita 250 unene 30, pima kona kwa kona utapata karibu 252, hizo 2 ndo zinagusa, mwambie fundi apitishe randa kwa mshazari kidogo hapo nyuma na nafasi asiibane sana, masika ikiingia mbao inavimba jamani. Na fundi awe wa patasi kweli, jani lizame sawasawa, hapa hakuna skrubu ya kukurekebishia.

Dukani nenda na sumaku. Bawaba unayoambiwa ni brasi, ikinasa ujue ni chuma kimepakwa tu, na kwa watu wa Kigamboni na Msasani huo upepo wa bahari utaitia kutu mapema sana. Halafu skrubu za brasi ni laini, kwenye mninga zinakatika vichwa, inauma sana maana kipande kinabaki ndani, kwa hiyo toboa kwanza, ingiza skrubu ya chuma ya saizi ileile, itoe, ndo uweke ya brasi, na mlango mrefu wa mninga usiuwekee bawaba mbili, weka tatu.